Saa Nne Usiku, Dozi Mbili

Daftari lilikuwa la shule, la mistari,
nyuma yake jedwali la kuzidisha.
Humo ndimo nilimwandika baba:
saa kumi na mbili asubuhi, kijiko kimoja.
Saa nne, kimoja. Saa nane, kimoja.
Jua likizama nyuma ya bani la tumbaku, kimoja.
Na saa nne usiku, alisema Pelagia, dozi mbili,
"ili usiku wa manane umkute amelala,
nanyi uwakute mmelala."

Hilo la pili hatukulitegemea.
Hospitali zote tulizopita, Sikonge, Tabora mjini,
na ile ya mbali iliyomeza ng'ombe wetu wawili,
zilimuuliza mgonjwa.
Hakuna iliyomuuliza anayemshika mgonjwa kichwa.

Alikuja Alhamisi, pikipiki imevaa vumbi la Ipole,
begi mgongoni, chupa ndani ya begi,
maji ya kijani, machungu.
Majirani wakanong'ona uani:
hiyo ndiyo dawa ya kuagia.
Mama akaipokea chupa kama anayepokea nyoka.

Pelagia hakumkaripia. Alikaa chini, kwenye ngozi,
akatafuna michembe tuliyomkaribisha,
akameza, ndipo akasema:
"Mama Nyamizi, ugonjwa unakwenda kwa mwendo wake.
Hii haiusukumi.
Inayatoa maumivu kitandani tu,
mzee apate nafasi ya kugeuka."

Kisha akamkunjulia baba mkono:
"Ngumi, hakuna maumivu. Vidole vitano, hayavumiliki.
Leo vingapi?"

Baba akaiacha ngumi ilivyo.
Mhoja, aliyepanda mininga na mitundu miaka arobaini,
akaumwa na nyuki mpaka kwenye kope,
akashuka na ndoo ya asali akiuliza
nani amemlisha mbwa.
Yeye ainue kidole? Mbele ya wanawe?
Ngumi ilitetemeka juu ya shuka.

Pelagia akaitazama ngumi ile
kama mtu asomaye barua yenye mwandiko mbaya.
"Mzee," akasema, "leo mizinga mingapi imeamka?"

Kimya.
Halafu kile tulichokwisha kukisahau,
kicheko, kikavu, kimekwama nusu ya koo bovu:
"Minne, binti yangu. Na wa tano unanguruma."

Nikachora safu mpya daftarini.
Jumatatu, mitatu. Jumatano, miwili na nusu
(nusu aliidai mwenyewe, nikaiandika).
Siku ya mzinga mmoja aliomba atolewe nje.
Tukampaka asali mdomoni kwa ncha ya kijiti,
koo lisihusike.
Akafumba macho: "Ya mtundu hii.
Imevunwa mapema. Mlikuwa na haraka ya nini?"
Jioni akamwita kaka yangu Shija,
waliyenuniana tangu mwaka wa mgogoro wa shamba.
Sijui waliongea nini. Niliona tu
Shija akimkata kucha.

Alikufa tumelala.
Miezi nilijilaumu kwa usingizi ule,
nikasahau kwamba tulipewa, tulipimiwa, kwa kijiko.
Mkono wake ulikuwa bado ngumi,
lakini imelegea, kama ya mtoto
aliyesinzia na kitu kitamu kiganjani.

Kabla ya arobaini pikipiki ikaunguruma tena.
Sikuona begi.
Nikamwambia, dada, mgonjwa hatunaye.
"Najua," akasema, akivua kofia ngumu,
nywele zimelala upande. "Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa jikoni.
Siku hizo aliamka kila saa nne usiku
akaosha kijiko kilichokuwa kisafi.
Pelagia akaketi karibu na mafiga,
hakusema pole, hakusema kazi ya Mungu.
Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:
"Mama, mizinga mingapi?"

Mama akaweka kijiko chini.
Akakunjua mikono yote miwili.